Duka la Kujaribia Vyombo vya Nyumbani

Leo twapenda kuzungumza habari za duka. Hatusemi duka la namna tuliyoizoea sote, ambamo vitu hukaa nyuma ya meza, na mnunuzi husimama mbele yake akinyosha kidole. Twasema duka la vyombo vya nyumbani ambamo mtu huingia, hushika, huwasha, hupika, hupima, kisha ndipo hufungua mkoba wake. Na mahali tunapopafikiria ni Lukuledi, katika njia itokayo Masasi kwenda Nachingwea.

Huenda msomaji atauliza, kwa nini Lukuledi, wala si mji mkubwa? Jawabu letu ni korosho. Mkulima wa sehemu hizi, tangu bonde la Lukuledi mpaka juu ya Uwanda wa Makonde kule Newala, hapati fedha zake kila mwezi kama karani. Korosho huokotwa mwishoni mwa mwaka, hupelekwa ghalani kwa mkono wa chama cha msingi, nazo huuzwa kwa mnada. Desturi hii ya stakabadhi ghalani ilianza katika msimu wa 2007/2008. Fedha ziingiapo huingia kwa mkupuo, na kazi zake zimekwisha kuzingoja: mahitaji ya watoto shuleni, bati za nyumba, na salfa ya mikorosho ya mwaka ujao. Kinachosalia ndicho cha kununulia taa, jiko, pasi au redio. Basi mtu aliyenunua taa mbovu mwezi wa Novemba hawezi kusema, "Nitanunua nyingine mwezi ujao." Kosa lake la siku moja hudumu mwaka mzima, na watoto wake hurudi kusomea kibatari.

Tena vyombo vyenyewe vimeongezeka. Wakala wa Nishati Vijijini, uliowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2005, umepeleka nyaya za umeme katika vijiji vingi; na palipo mbali na nyaya, taa za jua zimeingia. Mwaka wa 2024 Serikali ilitangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikikusudia kwamba ifikapo mwaka wa 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakipikia nishati safi. Haya yote ni mema. Lakini mahali penye wanunuzi wapya wengi huja pia wauzaji wa kila namna, na sanduku lenye picha nzuri halisemi lililomo ndani.

Wazee wetu walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maneno haya ni ya kweli, lakini yana sharti moja. Kizuri hujiuza pale tu kinapoonekana kikifanya kazi. Kikifungwa ndani ya sanduku, kizuri na kibaya hufanana, na mwenye ulimi mtamu ndiye auzaye. Kazi ya duka tunalolisema ni kulifungua sanduku.

Wala jambo hili si geni duniani. Cherehani za Singer zilipoanza kuuzwa Marekani katika karne ya kumi na tisa, watu wengi hawakuamini kwamba chuma kinaweza kushona. Kampuni ikafungua vyumba vizuri mjini, ikaweka wanawake wa kushona mbele ya watu na kuwafundisha waliotaka kujifunza. Na mwaka wa 1856 ikaanza kuruhusu watu walipe kidogo kidogo. Ndivyo chombo kile kilivyoenea ulimwenguni, hata kikafika katika baraza za mafundi wetu wa pwani na bara.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka wa 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Bwana Harry Franklin wa idara ya habari alifanikiwa kupata redio ya bei nafuu kwa watu wa vijijini. Ilitiwa katika bweta la madini lenye umbo la sufuria, ikaitwa kwa jina hilo la sufuria. Bei yake ilikuwa pauni tano, yaani shilingi mia moja za siku zile. Lakini betri yake kavu ilikuwa shilingi ishirini na tano, nayo ilidumu saa mia tatu hivi. Tuhesabu: mtu asikilizaye saa tatu kila siku huimaliza betri kwa siku mia moja, na betri nne zamrudisha kwenye bei ya redio nzima. Hapa tunapata fundisho kubwa. Kila chombo kina bei mbili: bei ya kukinunua na bei ya kukilisha. Mwuzaji hupenda kutaja ile ya kwanza. Duka la kujaribia lazima lionyeshe ile ya pili.

Sasa tueleze jinsi duka hilo litakavyopangwa.

Kwanza, iwepo pembe ya taa. Taa haijulikani mchana. Kwa hiyo kitengwe chumba kidogo chenye giza, na mnunuzi apewe kitabu asome kwa mwanga wa taa anayoitaka. Tena, taa moja ya kila namna iliyojazwa moto wa jua iwashwe saa duka linapofunguliwa, na saa hiyo iandikwe kwa chaki ubaoni. Itakapozimika, saa ya kuzimika nayo iandikwe. Sanduku likisema saa nane na ubao ukisema saa tatu, kila mtu atajua la kuamini.

Pili, iwepo meza ya umeme, na juu yake mita ndogo ya kupimia. Watu wa siku hizi wajua sana habari za LUKU, maana yuniti zikiisha nyumba huwa giza. Lakini si wengi wajuao kila chombo hula yuniti ngapi. Hesabu yake si ngumu. Chombo cha wati 1,000 kikiwaka saa moja hula yuniti moja. Taa ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, hula yuniti 9 kwa mwezi wa siku thelathini. Taa ya kisasa ya wati 9, yenye mwanga uliokaribiana na ule, haifiki yuniti moja na nusu. Maneno haya yakisemwa husahauliwa. Lakini mtu akiona mwenyewe tarakimu za mita zikikimbia kwa chombo kimoja na kutambaa kwa kingine, hasahau.

Tatu, liwepo banda la majiko, nje ya duka, lenye paa na pande zilizo wazi ili moshi utoke. Hapa tushike neno moja: jiko lisijaribiwe kwa kuchemsha maji matupu. Lijaribiwe kwa chakula cha nchi. Mbaazi ni chakula cha huku, nazo zikikauka hukawia sana kuiva. Basi zipimwe mbaazi kilo moja kwa jiko la makaa la kawaida na kilo moja kwa jiko banifu, kila jiko lipewe makaa yaliyopimwa kwa mizani, na yale yanayobaki yapimwe tena. Kadhalika jiko la presha la umeme liwekwe kwenye mita. Chombo hicho hushika moto ndani yake na kujizima kila kitoweo kinapofikia joto lake, hata kikapika maharage kwa umeme usiotimia yuniti moja. Lakini mwenye shaka ana haki ya kuona. Kisha wasonge ugali. Jiko linaloyumba mwiko unapokazwa halifai nyumba yenye watoto, hata likiwa zuri namna gani. Kwa sababu hiyo mnunuzi aambiwe aje na sufuria yake mwenyewe, ile anayopikia siku zote, maana jiko lisiloikubali sufuria hiyo litamlazimu kununua na sufuria mpya.

Katika gesi pana mambo mawili zaidi. Mtungi una uzito wake mtupu ulioandikwa juu yake. Mnunuzi auweke mizanini, aondoe uzito huo, naye atajua kama kilo sita alizolipia ni kilo sita kweli. Na kuvuja kwa gesi kupimwe kwa povu la sabuni katika maungio. Mapovu yakitokea, pana tundu. Kamwe kusitumike kiberiti. Pia mwenye duka asiuze jiko la gesi kabla ya kuhakikisha mahali pa kubadilishia mtungi ukiisha, ama sivyo atakuwa ameuza pambo.

Nne, yawepo mambo ya maji. Watu wa Uwanda wa Makonde wamepata taabu ya maji tangu zamani, kwa kuwa udongo wa juu huko huyanywa maji ya mvua, na chemchemi hutoka chini, pembezoni mwa uwanda. Kwa hiyo chujio la maji lisisifiwe kwa usafi wake peke yake. Lipimwe latoa ndoo moja kwa muda gani, na kulisafisha kwahitaji maji kiasi gani. Chujio linalokunywa maji mengi kwa kuoshwa huenda likafaa bondeni, lisifae Newala.

Yafaa pia tufikiri ni nani atakayejaribu. Kwa desturi za Wamakonde, Wayao na Wamakua, ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na neno la mwanamke katika nyumba lina uzito. Hata hivyo mara nyingi mwanamume ndiye aendaye dukani akarudi na jiko ambalo hatalipikia hata siku moja. Duka letu liwe na mama mmoja mwenye kujua kupika na kujua vyombo, ambaye wanawake wenzake watamwuliza bila haya, wala asiwaharakishe. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulipa kwanza na kuuliza baadaye.

Wenye maduka watatupinga, wakisema, "Watu watachezea vitu vyetu, watavichakaza, kisha wataondoka bila kununua." Hatukatai, wengine watafanya hivyo. Lakini tuseme ukweli, ni chombo kimoja tu cha kila namna kitakachochakaa. Bei yake iandikwe daftarini kuwa ni gharama ya duka, kama kodi ya nyumba. Na mwisho wa msimu kiuzwe kwa bei ndogo, kwa kutangazwa wazi kwamba kimetumika. Faida yake ni kwamba mtu aliyejaribu harudi siku ya pili na ugomvi, naye huwaambia jirani zake. Katika nchi ambayo habari hupita kwa mdomo, jirani mmoja aliyeridhika ni tangazo lisilolipiwa.

Hatari iliyo kubwa kwa mwenye duka ni mkopo. Mwezi wa Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo moja, na wakulima wengi walingoja malipo yao kwa muda mrefu. Muuzaji aliyetoa mali kwa ahadi ya mnada alingoja pamoja nao. Basi shauri letu ni kuugeuza mkopo: mnunuzi alipe kidogo kidogo kabla ya kuchukua, kila malipo yapewe stakabadhi, na fedha hizo zitengwe zisichanganywe na za duka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mwingine bila daftari hupoteza na jina.

Miezi ya mvua, fedha zikiwa haba, duka lisifungwe. Huo ndio wakati wa matengenezo. Awepo fundi, na ziwepo waya, swichi, betri na mipira ya presha. Kabla ya kuagiza chombo chochote, mwenye duka ajiulize: kinafunguka kwa bisibisi, au kimegandishwa kwa gundi? Kisichofunguka hakitengenezeki, na kisichotengenezeka kisiwekwe mezani. Ahadi ya matengenezo iandikwe, itaje miezi, nayo itiwe sahihi.

Yamebaki mambo ya sheria. Jina la biashara huandikishwa BRELA, namba ya mlipa kodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato, na leseni hutolewa na Halmashauri ya Wilaya. Vyombo viwe na alama ya Shirika la Viwango, lililoanzishwa mwaka wa 1975. Na vitu vya bandia ni kosa ambalo Tume ya Ushindani hulishughulikia. Lakini alama nayo huweza kuigwa. Ndiyo maana hatuachi kusema kwamba mita, mizani na saa ya ukutani ni mashahidi wasioweza kuhongwa.

Basi, ewe unayefikiri kufungua duka la namna hii, usianze na vyombo mia. Anza na taa tatu, majiko manne, mita moja, mizani moja na ubao wa chaki. Nawe mnunuzi, hata kabla duka hilo halijafunguliwa, waweza kuanza leo: popote uendapo na fedha za korosho, sema kwa upole, "Ndugu, kiwashe nikione." Akikataa, funga mkoba wako, uende zako. Fedha uliyoingojea mwaka mzima yastahili kungoja robo saa.