Kutoka Simulizi hadi Hoja: Uandishi wa Insha kwa Watahiniwa wa Kidato cha Nne, Handeni na Korogwe

Ikisiri
Makala haya yanaeleza namna ya kuimarisha uandishi wa insha za hoja miongoni mwa watahiniwa wa Kidato cha Nne wilayani Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Hoja ya msingi ni kwamba tatizo kubwa la insha hizo si athari za Kizigua au Kisambaa, bali ni kushindwa kuligeuza jambo linalojulikana kuwa uthibitisho wa dai. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa aya mbili zilizoundwa na mwandishi kutokana na masimulizi ya Wakilindi.

1.0 Utangulizi
Tangu Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoanzishwa mwaka 1973, mtihani wa Kidato cha Nne umekuwa mlango mwembamba: wanaoupita huendelea na Kidato cha Tano au vyuo, na wengine hubaki nje. Katika mtihani huo, somo la Kiswahili lina nafasi ya pekee. Historia, Jiografia na Uraia hujibiwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo, Kiswahili ni karibu somo pekee ambamo mwanafunzi wa shule ya serikali hujenga hoja ndefu kwa lugha anayoimudu. Asipojifunza humo kujenga hoja, ni vigumu kuona atajifunza wapi kwingine.

Hata hivyo, mwanafunzi huyo huingia sekondari akiwa na mazoezi machache ya kutunga. Kwa miaka mingi, sehemu ya utungaji katika mtihani wa Darasa la Saba imemtaka mtahiniwa azipange sentensi zilizovurugwa ili zilete mtiririko wenye mantiki. Zoezi hilo lina manufaa yake, lakini sentensi zenyewe zimekwisha kutungwa na mtu mwingine. Kupanga mawe yaliyochongwa si sawa na kuyachonga.

2.0 Je, Kosa ni la Lugha Mama?
Maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni kwamba mwanafunzi huathiriwa na lugha yake ya kwanza. Mwalimu hukutana na “balua” badala ya “barua”, au “asa” badala ya “hasa”, akazungushia duara jekundu na kuandika “lugha mbovu”. Makosa hayo yapo na yanastahili kusahihishwa. Lakini hayatoshi kueleza kwa nini insha imeshindwa.

Kizigua, Kisambaa na Kibondei vimo katika kundi la lugha za Kiseuta. Pamoja na kundi la Kisabaki, ambamo Kiswahili kimo, vinaunda sehemu ya Kibantu cha Pwani ya Kaskazini Mashariki. Mfumo wa ngeli, upatanisho wa kisarufi na uambishaji wa vitenzi vinafanana kwa kiasi kikubwa. Isitoshe, katika miji kama Korogwe na Handeni, na katika mashamba ya mkonge yaliyokusanya watu wa makabila mengi, Kiswahili kimekuwa lugha ya kila siku kwa vizazi kadhaa. Hali ni tofauti kwa mtoto anayezungumza Kimaasai, lugha isiyo ya Kibantu. Naye yupo Handeni, hususan tangu mwaka 2022 kijiji cha Msomera kilipoanza kupokea familia kutoka Ngorongoro. Huyo anahitaji msaada wa kisarufi wa aina yake. Kwa walio wengi, hata hivyo, sarufi si kizingiti kikuu.

Kizingiti ni utanzu. Mwanafunzi anajua kusimulia, kwa kuwa amekua akisikia simulizi. Insha ya hoja inamtaka afanye kazi nyingine: atoe dai, alitetee, alipime, kisha alifungamanishe na swali. Vitenzi elekezi kama “jadili”, “thibitisha” na “linganisha” humtaka afanye kazi zinazotofautiana. Asipofundishwa tofauti hizo, hukimbilia kiunzi alichokariri: maana, aina, faida, hasara, hitimisho. Kiunzi hicho hujaza ukurasa bila kujibu swali.

3.0 Mfano: Mbegha katika Aya Mbili
Chukulia swali hili: “Uongozi hujengwa kwa huduma, si kwa nguvu.” Jadili. Mwanafunzi wa Handeni au Korogwe ana hazina karibu naye. Masimulizi ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu akapitia Uzigua na hatimaye kutawala Usambaa, yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi ’lAjjemy katika Habari za Wakilindi. Aya ya kwanza inaitumia hazina hiyo hivi:

“Hapo kale alikuwapo mtu aliyeitwa Mbegha. Alitoka Ungulu akaenda Uzigua. Alikuwa mwindaji hodari mwenye mbwa. Baadaye alikwenda Usambaa, watu wakampenda, wakamfanya mtawala. Kwa hiyo uongozi hujengwa kwa huduma.”

Sarufi ya aya hii haina kasoro. Hata hivyo, neno “kwa hiyo” linabeba mzigo ambao sentensi zilizotangulia hazikuuandaa. Matukio yamefuatana, lakini hayajathibitisha kitu. Hatujaambiwa huduma ilikuwa ipi, wala kwa nini ilimpa Mbegha utawala. Tazama sasa aya ya pili:

“Huduma humpa kiongozi uhalali ambao ugeni wake ungemnyima. Katika masimulizi ya Wakilindi, Mbegha aliingia Usambaa akiwa mgeni asiye na jeshi. Aliua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mazao, akawagawia wenyeji nyama. Walimkubali kwa kuwa manufaa yake yalionekana mashambani mwao. Hata hivyo, baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai, wazao wake waligombea madaraka kwa vita. Basi huduma inaweza kuuanzisha uongozi, lakini isipoendelezwa nguvu huchukua nafasi yake.”

Aya hii inaanza na dai, si na tukio. Matukio yamechaguliwa: mbwa wameachwa, nguruwe wamebaki, kwa sababu nguruwe ndio wanaoonyesha huduma. “Kwa kuwa” inaunganisha ushahidi na dai, na “hata hivyo” inaleta upande wa pili, kama kitenzi “jadili” kinavyotaka. Mtahiniwa makini angeongeza kwamba masimulizi haya yanautukuza ukoo uliotawala. Hivyo, ni ushahidi wa namna utawala ulivyojieleza kuliko rekodi kamili ya matukio.

4.0 Mapendekezo ya Ufundishaji
Mwalimu mwenye mikondo kadhaa hawezi kusahihisha insha nzima za wanafunzi wote kila wiki. Anaweza, hata hivyo, kufundisha kwa kipimo cha aya. Kwanza, kipindi cha dakika 40 kianze kwa mjadala wa mdomo: mwanafunzi atoe dai, mwenzake aulize “kwa nini?” na “unajuaje?”. Pili, kila mmoja aandike aya moja tu. Tatu, wabadilishane madaftari na kupiga mstari chini ya dai, sababu na ushahidi. Kinachokosa mstari ndicho kinachokosekana katika hoja. Nne, mwalimu asahihishe hoja kabla ya tahajia, ili mwanafunzi asidhani kwamba aya isiyo na duara jekundu ni aya iliyojibu swali. Taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani zina vielelezo vya majibu mazuri na dhaifu; zisomwe darasani, zisiishie ofisini.

5.0 Hitimisho
Makala haya yameeleza kwamba mtahiniwa wa Handeni na Korogwe haingii katika chumba cha mtihani mikono mitupu. Ana lugha iliyo jirani na Kiswahili, na ana masimulizi yenye sababu na matokeo ndani yake. Anachohitaji ni kufundishwa kuuliza tukio analolisimulia linathibitisha nini. Ujuzi huo hautakwisha siku ya mtihani, kwani ndio atakaouhitaji atakapoandika barua ya maombi ya kazi, atakapotetea shauri katika baraza la kata, au atakapopima maneno ya anayemwomba kura.