DAMU YA URITHI SI KOSA LA MTU

Watu wanakuja hospitali kupimwa damu. Lakini wengine wakisikia jina la ugonjwa wa SS, wanaondoka mbele ya kutolewa damu. Wanasema: "Bwana wa kazi akijua, atanifukuza." Je, hofu hii ni ya bure? Hapana. Katika inchi nyingine mambo hayo yalitokea kweli. Basi tujifunze ginsi yalivyotokea, na sheria iliyowekwa kuyazuia.

Urithi wa damu ni nini?

Kila mtoto anapokea urithi wa mwili kwa baba na kwa mama. Kwa habari ya damu, kila mzazi anatoa fungu moja. Mwenye mafungu mawili mazuri anaitwa AA. Mwenye moja zuri na moja lenye kasoro anaitwa AS. Mwenye mawili yenye kasoro ni SS. Chembe zake nyekundu zinapindika kama mundu na kuziba mishipa. Anapata maumivu makali ya mifupa, na damu yake inapunguka.

Shika neno hili sana: mtu wa AS si mgonjwa wa SS. Analima, anasoma, anazaa, anafanya kazi kama wengine. Tena utotoni malaria kali haimshindi upesi. Ndiyo sababu watu wa AS ni wengi katika inchi zenye malaria, na Kongo ni mojawapo.

Mume na mke wakiwa AS wote wawili, kila mimba ina hatari moja katika nne ya kuzaa mtoto wa SS.

Mambo yaliyotokea Marekani

Huko wanakaa wazao wengi wa watu waliochukuliwa utumwani toka Afrika, na wengine wao walitoka Kongo. Urithi wa AS ulivuka bahari pamoja nao. Tangu 1970 hivi, majimbo kadha yaliweka sheria za kupima damu kwa lazima. Lakini wengi hawakujua kutenga AS na SS. Watu wazima wenye afya walinyimwa kazi, ao waliongezewa bei ya bima. Shule ya maofisa wa jeshi la anga ilikataa watu wa AS mpaka 1981.

Mwaka 1972 serikali kuu ilitoa sheria ya kusaidia kazi hii kwa feza, nayo iliagiza kupimwa kuwe kwa hiari. Mwaka 1975 jimbo la North Carolina lilikataza kumnyima mtu kazi kwa sababu ya AS.

Hata hivyo taabu haikuisha. Shirika moja la reli lilipima damu ya wafanyakazi wenye maumivu ya mikono, likitafuta kasoro ya urithi pasipo kuwaambia. Lilishitakiwa mwaka 2001. Mwaka 2002 lilikubali kulipa mpaka dola milioni 2.2.

Sheria ya 2008

Bima, wengine wanaiita asiransi, ni hivi: watu wengi wanaweka feza pamoja, na anayegonjwa anasaidiwa. Lakini wenye bima wakijua urithi wako, wanaweza kukuweka inje mbele hujagonjwa. Basi, tarehe 21 Mei 2008, rais George W. Bush alitia sahihi sheria iitwayo GINA. Inakataza mambo mawili:

1. Bima ya afya isikatae mtu wala kumwongezea bei kwa sababu ya urithi wake.
2. Bwana mwenye wafanyakazi 15 ao zaidi asitumie habari za urithi kwa kuajiri wala kufukuza. Kwa kawaida haruhusiwi hata kuuliza magonjwa ya wazazi wa mtu.

Lakini sheria hii haigusi bima ya maisha, wala mabwana wenye wafanyakazi wachache.

Na sisi je?

Sheria ile ni ya Marekani, haitulindi hapa. Lakini mwaka 1997 mataifa ya UNESCO yalitangaza pamoja kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya urithi wa mwili wake. Basi sisi tunapashwa kufanya hivi:

1. Pimwa kwa hiari yako, zaidi sana mbele ya ndoa.
2. Karatasi ya majibu ni yako. Muuguzi asitangaze habari zako, nawe usitangaze za jirani.
3. Wewe bwana wa kazi, pima mtu kwa kazi ya mikono yake, si kwa damu ya baba yake.
4. Wewe mume, usimfukuze mke kwa kuzaa mtoto wa SS. Mama peke yake hawezi kuleta ugonjwa huu. Nawe ulitoa fungu lako.
5. Mtoto wa SS akipata homa, mlete hospitali siku ile ile. Anywe maji mengi, alale katika chandarua.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Yesu zambi ilikuwa ya nani. Yesu hakutupa kosa juu ya wazazi wala juu ya mtoto, alimponya. Nasi tusitafute wa kulaumiwa. Njoo upimwe, usiogope.