Hodi ya Barua Pepe: Mlio wa Tarakilishi Nyumbani

Mgeni mstaarabu hupiga hodi. Barua pepe, kinyume chake, huingia kimyakimya na kukaa kikashani hadi mwenyeji aikumbuke. Kwa mtu anayesubiri habari za mgonjwa wake, kimya hicho chaweza kumgharimu pakubwa. Ndiyo maana tarakilishi huagizwa kulia pindi barua inapowasili.

Wazo hili si geni. Mnamo 1980, toleo la mfumo wa Unix kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilikuwa na programu iitwayo biff, iliyopewa jina la mbwa aliyejulikana sana na wanatarakilishi wa chuo hicho. Barua ilipofika, biff ilipiga kengele ya mashine na kuonyesha mistari michache ya kwanza ya ujumbe.

Ili mlio usikike, hatua tatu hufuatana. Kwanza, programu ya barua hupata habari kutoka kwa seva. Kwa itifaki ya POP3, programu huuliza kila baada ya muda uliowekwa; muda huo ukiwa dakika 10, ujumbe waweza kungoja karibu dakika hizo zote. Kwa IMAP, agizo la IDLE, lililobainishwa mwaka 1997, huiwezesha seva kutoa taarifa papo hapo. Pili, kichujio huipima barua: imetumwa na nani, na kichwa chake kina neno gani? Tatu, barua ikitimiza masharti, faili ya sauti huchezwa.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha mambo. Tarakilishi inayolia kwa kila tangazo la biashara humzoesha mwenyewe kuupuuza mlio, hata ule wa maana ukalia bure. Afadhali sauti maalumu itengewe watu wachache na neno walilokubaliana, kama vile DHARURA. Neno hilo lafaa pia kwa kuwa anwani ya mtumaji huweza kughushiwa.

Hata hivyo, mlio hautoi hakikisho. Tarakilishi ikizimwa au ikinyamazishwa, hakuna kitakachosikika. Aidha, seva ya mpokeaji isipopatikana, kanuni za SMTP za mwaka 2008 zapendekeza seva ya mtumaji ingoje angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena. Kwa hivyo, jambo la kufa kupona lipigiwe simu kwanza, na mlio wa barua pepe ubaki kuwa hodi ya pili.