Tatizo Likikabiliwa, Hufanywa Nini?

Katika taarifa zinazotoka maafisini hapa Visiwani, ni shida kukiona kitenzi kinachofanyishwa kazi nyingi kuliko "kukabiliana". Uhaba wa maji unakabiliwa, mmong'onyoko wa fukwe unakabiliwa, ukosefu wa ajira kwa vijana nao unakabiliwa. Mwananchi akishaisoma taarifa yote hadi mwisho, bado hajui kama maji yatatoka mferejini wiki ijayo, au yeye ndiye anayetakiwa astahamili, au jambo lenyewe limetazamwa tu kisha likaachwa lilipo.

Sehemu kubwa ya lawama haimo katika Kiswahili. Ripoti nyingi za miradi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha zikafasiriwa kwa haraka. Na Kiingereza kina tabia yake: hukichukua kitenzi kidogo cha kila siku, kikakifungia nyuma neno moja au mawili madogo, na papo hapo maana ikageuka kabisa. Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1755, alieleza katika dibaji yake kwamba muungano wa namna hiyo ndio unaowapa wageni taabu kubwa. Hakukosea. Mwanafunzi wa skuli anajua kwamba "put" ni kuweka. Lakini mkutano ukiwa "put off" umeahirishwa, moto ukiwa "put out" umezimwa, na anayeambiwa "put up with" kelele za jirani anaambiwa azivumilie. Kuweka hakumo hata mara moja.

Katika mambo ya shida, vijineno hivi ndivyo vinavyobeba ujumbe. Mtu aki-"run into" tatizo, amekumbana nalo bila ya kulitafuta. Aki-"get round", amelizunguka, nalo bado lipo. Aki-"get through", amelipita hadi ng'ambo ya pili. Aki-"give in", amesalimu amri mbele ya aliyemzidi nguvu. Aki-"give up", ameacha mwenyewe, pengine hakuna hata aliyemsukuma. "Deal with" ni kulishika jambo kwa mikono na kulifanyia kazi.

Lakini linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni "face up to". Maana yake ni kukubali kwamba jambo zito lipo na kulitazama usoni, na ndani yake mna lawama iliyofichwa. Halisemwi, kwa kawaida, juu ya mtu aliyekuwa akilitazama jambo hilo tangu mwanzo. Husemwa juu ya aliyekuwa akiligeuzia kisogo. Basi tuseme mkaguzi ameandika kwa Kiingereza kwamba idara fulani haina budi "to face up to" upotevu wa maji katika mabomba yake. Amesema, kwa adabu, kwamba idara hiyo imekuwa ikijifanya haioni. Mfasiri akiandika "idara inakabiliana na upotevu wa maji", lawama imegeuka kuwa sifa, na mkuu wa idara anaweza kuisoma hadharani akipigiwa makofi.

Ajabu ni kwamba lugha yetu haikupungukiwa na maneno. Kukabili ni kuelekeza uso, na asili yake ya Kiarabu ni moja na ya neno kibla. Anayekabili ameelekea, basi. Neno halituambii kama amepiga hatua hata moja. Kustahamili asili yake ni kuchukua mzigo, nalo ni ndugu wa himila na wa hamali tunayemjua bandarini. Anayestahamili amebeba, na mzigo ungali kichwani. Ama kutatua ni neno letu la Kibantu, lenye mkia ule ule unaokifungua kilichofungwa na kukizibua kilichozibwa. Kilichotata kinatatuliwa. Na neno tatizo limezaliwa na kitenzi hicho hicho cha kutata, hata mtu angedhani kwamba kulitaja tu tatizo ni kuagiza litatuliwe. Mbali na hayo tunayo kupiga moyo konde, kufunga kibwebwe, kukata tamaa na kufa moyo, ambayo hayahitaji kamusi.

Wakaazi wa Unguja hawatasahau kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa takriban miezi mitatu bila ya umeme kutoka Bara, baada ya kwisha kuonja mwezi mzima wa kiza mwaka 2008. Pampu zilisimama na maji yakaadimika. Wenye majenereta waliizunguka shida kwa fedha zao. Wasiokuwa nayo waliistahamili, ndoo kichwani, na akina mama ndio waliostahamili zaidi. Waya mpya wa chini ya bahari wenye uwezo wa megawati 100, uliozinduliwa mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani, ulikuwa ni kazi ya kutatua. Mwandishi akisema kwamba watu wote hao "walikabiliana na tatizo la umeme", atakuwa amesema kweli mara tatu na hakumweleza msomaji lolote.

Hatusemi kitenzi hicho kipigwe marufuku. Adui hukabiliwa, upepo wa kusi hukabiliwa na nahodha, na mahakamani mshitakiwa hukabiliwa na mashtaka. Tunalotaka ni afisa anayefasiri ajiulize kwanza yale maneno madogo ya Kiingereza yamesema nini: mtu ametazama, amebeba, amezunguka au amefungua? Barua ikisema kwamba wakaazi watalazimika "to put up with" kukatika kwa maji mpaka mkandarasi ata-"deal with" bomba lililopasuka, iandikwe hivi: wakaazi watastahamili, mkandarasi atalitengeneza bomba. Kisha itiwe tarehe. Sheha atakayeibandika karatasi hiyo ukutani ndiye atakayeulizwa na watu nani anatakiwa afanye nini, na mpaka lini.