Mfuko wa bibi uwe tayari kabla ya mvua

Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Wewe uliyeko Kaengesa, andaa mapema mfuko wa babu au bibi: dawa zake za presha au sukari, kadi ya kliniki, miwani, sweta. Mteue kijana atakayemtoa nje usiku.

Baada ya maafa, mvalishe nguo kavu haraka; mwili wa mzee hupoteza joto upesi, na baridi ya Ufipa si ya mchezo. Mpe maji hata asipoomba, maana wazee hawasikii kiu sana. Akianza ghafla kuongea yasiyoeleweka, usiseme ni uzee: mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.