Nyumba ya Mahakama Huanzia Wapi?

Mtu wa Namanga mwenye shauri katika Mahakama Kuu hupanda gari alfajiri kwenda Kajiado, mwendo wa kilomita 80 hivi. Shauri likiahirishwa, hurudi nyumbani mikono mitupu, na nauli imekwisha. Ndiyo maana watu huuliza: "Mbona nyumba ya mahakama haijengwi karibu nasi? Na kwa nini kazi hiyo huchukua miaka?" Twaeleza hapa njia ya jambo hilo, ili kila mtu ajue mahali panapomfaa kusema neno lake.

Kwanza ni haki yenyewe. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 48, yaiagiza Serikali ihakikishe kwamba kila mtu aweza kuifikia haki, na kwamba ada ikitozwa isiwe kizuizi. Basi anayeomba mahakama haombi zawadi.

Pili ni fedha. Kila mwaka Msajili Mkuu wa Mahakama hutayarisha makadirio ya matumizi na kuyapeleka katika Bunge la Taifa. Kabla ya kuyapitisha makadirio ya Serikali, kamati ya Bunge hutafuta maoni ya wananchi. Hapo ndipo pa kunena, kwa maana jengo lisilotengewa fedha hubaki katika karatasi.

Tatu ni kiwanja, na hapa ndipo penye hatari kubwa. Sehemu nyingi za Kajiado zilikuwa ranchi za vikundi, na mashamba yaliyobaki kuwa ya jamii sasa yaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Jamii iliyosajiliwa yaweza kutenga sehemu ya ardhi yake kwa manufaa ya umma. Lakini ahadi ya mdomo chini ya mti haitoshi. Wanajamii waitwe mkutanoni, shauri lao liandikwe, mipaka ipimwe, na ardhi itangazwe kuwa ya umma. Ardhi ikitwaliwa kwa nguvu ya sheria, mwenyewe hana budi kulipwa fidia ya haki. Jambo hili likipuuzwa, wajukuu wa mtoaji waweza kuja na madai yao siku za baadaye, na nyumba ya kuamulia mashauri ikawa yenyewe shauri.

Nne ni ramani na vibali. Wachoraji hupanga chumba cha hakimu, mahali pa mashahidi, mahabusu za wanaume na za wanawake mbali mbali, na njia ya kumwezesha mlemavu kuingia bila kubebwa. Serikali ya kaunti hutoa ruhusa ya ujenzi kwa Sheria ya mwaka 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi. Wakaguzi wa mazingira huangalia maji machafu yatakwenda wapi.

Tano ni zabuni. Kazi hutangazwa hadharani, nao wakandarasi hushindana. Aliyeshindwa akiona hakutendewa haki, ana siku 14 za kupeleka malalamiko yake kwenye bodi ya rufani. Siku hizo zaonekana kuwa ukawio, kumbe ni kinga ya fedha ya walipa kodi.

Mwisho, kuta pekee si mahakama. Sharti awepo hakimu, makarani na mkalimani, ili mzee asemaye Kimaasai tu aelewe anashitakiwa nini.

Watu wa Namanga wamekwisha kuona matunda ya mpango wa namna hii. Tarehe 1 Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli walifungua kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa Kenya na wa Tanzania hufanya kazi pamoja, na msafiri husimama mara moja badala ya mbili.

Basi baraza likiitwa kujadili kiwanja au makadirio, nenda. Anayengoja mpaka msingi uchimbwe amechelewa.