Ukitaka kufuga chaza, tazama maji kwanza

Jirani yangu hapa West Indies, Eldoret, anafuga samaki bwawani, na kila tukikutana kilio chake ni bei ya chakula cha samaki. Juzi nikamwambia kwetu Pwani kuna mnyama wa kufugwa asiyenunuliwa chakula hata cha shilingi moja. Alidhani namfanyia mzaha.

Mnyama mwenyewe ni chaza, yule anayeganda kwenye miamba na mizizi ya mikoko. Hula vijimea vidogo mno vinavyoelea baharini: huvuta maji, huyachuja, akabakisha chakula. Chaza wa Marekani, mkubwa kuliko huyu wetu, hali ikiwa nzuri huchuja hadi lita 190 kwa siku.

Kufuga chaza si jambo geni kwetu. Wataalamu wa bahari walikuwa wakiliandika tangu miaka ya 1980, na Ghuba ya Gazi kule Kwale ni mahali pamoja walipomchunguza sana. Chaza hutoa mayai majini. Vitoto huelea kama wiki mbili tatu, kisha kila kimoja hutafuta pagumu pa kuganda, na kikishaganda hakihami tena maisha yake yote. Kazi ya mfugaji ni kumtegea pa kuganda: makombe makuukuu yaliyotungwa kwenye kamba, vifuu vya nazi, au vigae vilivyopakwa chokaa. Chokaa hubanduka upesi, kwa hiyo vitoto hung'oka bila kuvunjika. Baadaye huwekwa kwenye vichanja au huning'inizwa chini ya chelezo. Wa chelezoni hushinda majini wakila, ila uchafu na kombe nyingine huwavamia. Wa vichanjani maji yakipwa hupigwa na jua, na jua hilo huua wavamizi wengi.

Mikoko nayo hupumua. Marehemu shangazi yangu alikuwa akienda na panga, na mara nyingi chaza alirudi na kipande cha mzizi.

Sasa, mchujaji hachagui. Maji yakiwa na kinyesi, chaza hubeba vijidudu vyake, na anayemla mbichi hujipakulia vyote. Mkono wa bahari wa Tudor, pale Mombasa, umepokea maji taka ya mji miaka mingi. Mimi singemla mbichi chaza wa pale hata kwa ndimu na pilipili. Wenzetu ng'ambo humweka chaza kwenye maji safi kama siku mbili ajisafishe kabla ya kuuzwa. Bakteria wengi hutoka, virusi hung'ang'ania, na madini ya sumu hayatoki kwa siku mbili.

(Kuhusu halali: sisi Mashafii wengi wetu hatuna tatizo naye. Mahanafi wana kauli yao.)

Fumba, Unguja, kina mama wamefuga chaza wa lulu, na wanakijiji wakatenga sehemu za bahari zisizookotwa kitu. Hilo la kutenga ndilo ninalolitamani huku kwetu. Kabla ya kikundi chochote cha kina mama kugawiwa kamba na vichanja, maji ya hapo yapimwe, mvua na kiangazi, na majibu yabandikwe bandarini kila mtu asome.

Jirani akaniuliza kama chaza atakubali bwawani kwake. Nikamwambia hapana, yule anataka chumvi.